Kitanda cha Mama Mkubwa Orlena

Kanisani kwetu Ebenezer, wakimtaja mama mkubwa Orlena Pettiford, husema alikuwa mwanamke wa imani. Mimi niliishi naye miaka kumi na tisa. Imani alikuwa nayo, sikatai, ila kilichookoa shamba lake ni kununa. Alinuna karibu miaka minne mfululizo. Angesamehe mapema kama dini inavyotaka, ekari zake zote mia moja na sitini zingekuwa za Bwana Lyle Stroud, na ng'ombe wake wangekuwa wanakunywa kwenye chemchemi yetu hadi leo.

Aliyenuniwa ni mama yangu mzazi, Vashti, mdogo wake. Alistahili. Nasema hivyo kwa heshima zote, na yeye mwenyewe alipokuwa hai hakunikatalia.

Walizaliwa Tennessee, watoto wa mkulima wa pamba ambaye hakuwahi kulima pamba ya kwake. Babu alifia kwenye shamba la mtu, akazikwa kwenye kona ya shamba la mtu, na mwaka uliofuata mwenye shamba akapitisha plau karibu sana na pale alipolala. Mama mkubwa aliliona hilo. Hakulia, lakini tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu kichwani: ardhi. Bibi, mama yao, alikuwa amezaliwa utumwani. Alipofariki aliacha blanketi la viraka na chungu cha chachu. Chachu hiyo aliikuza tangu akiwa msichana, unga na maji tu, kila siku akitoa kidogo cha mkate na kuongeza kidogo cha kesho. Hakuna mtu aliyejua umri wa chachu ile.

Basi wakasikia kwamba huku Dakota serikali inagawa ardhi kwa yeyote atakayeishi juu yake na kuilima miaka mitano, hata mwanamke asiye na mume. Masika ya mwaka 1909 walishuka kwenye treni, Orlena ana miaka thelathini na mmoja, Vashti ishirini na mitatu. Chachu ilikuwa mapajani, imefungwa kwa shali. Walichukua viwanja viwili vilivyopakana, cha Vashti mashariki, cha Orlena magharibi.

Sheria ilitaka kila mtu alale kwenye ardhi yake. Lakini mbao hapa ni ghali kuliko dawa, na jiko la makaa lilikuwa moja tu. Wakafanya kama walivyofanya ndugu wengi siku zile: walijenga nyumba moja juu ya mpaka. Ilikuwa ya futi ishirini na nne, kumi na mbili huku, kumi na mbili kule. Kitanda cha Vashti mashariki, kitanda cha Orlena magharibi, na jiko katikati kabisa. Mama mkubwa alipiga mstari wa rangi nyekundu sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, afisa akija asiulize maswali. Mstari ule ninaukumbuka. Nikiwa mtoto nilikatazwa kuucheza kama kamba.

Sasa mpaka wenyewe waliupataje? Hapo ndipo anapoingia shemasi Cato Weems, Mungu amrehemu na amsamehe. Huku ni nyasi mpaka upeo wa macho, na mawe ya wapimaji wa serikali yalikuwa yamekaa miaka ishirini na zaidi, mengine yamezama, mengine ng'ombe wameyaangusha. Jiwe la kona ya mashariki lilikuwepo. Mpaka wa katikati ulipaswa kuwa nusu maili kutoka pale. Shemasi Weems alikuwa na gari la nyumbu. Alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la nyuma, akapiga hesabu ya mzingo wa gurudumu, akasema mizunguko mia moja na tisini na nne itawafikisha. Alitembea kando ya gurudumu akihesabu kwa sauti, kila kitambaa kinapogusa ardhi. Karibu kila mtu alipima hivyo. Walipofika mia na tisini na nne akachomeka fimbo, akawaambia, "Hapa, dada zangu. Ningeapa mbele ya Petro mtakatifu."

Wakajenga.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, kama mwaka wa njaa na mvua ya mawe unavyoweza kwenda vizuri. Kulikuwa na kazi moja waliyopokezana kwa zamu, nayo ni kulala na chachu. Usinicheke. Baridi ya huku ikiingia, maji ya ndoo huganda futi tatu kutoka jikoni, na chachu ikiganda hadi ndani huharibika. Kwa hiyo chungu kilifungwa kitambaa, kikaingizwa kitandani, ukakikumbatia mpaka asubuhi. Leo Orlena, kesho Vashti. Nyumba zote za Ebenezer zililala hivyo, na wanaume walilalamika sana.

Oktoba ya 1910 baridi ilikuja kabla ya wakati wake. Ilikuwa Jumamosi, zamu ya mama yangu. Na kesho yake mwalimu mpya, Wiley Oakes, alikuwa anakuja kanisani kwa mara ya kwanza. Vashti alikuwa ameshinda siku nzima anasukwa nywele. Alipolala na chungu, chachu kwa joto la mwili ikafura, ikainua kifuniko, ikamwagikia nywele zote za upande wa kushoto. Aliinuka kwa hasira, akakiweka chungu chini karibu na dirisha, akanawa kichwa, akalala. Asubuhi chungu kilikuwa kimepasuka vipande viwili, na ndani kuna barafu ya kijivu.

Angesema ukweli pale pale, mambo yangeisha kwa kelele za siku mbili. Lakini Vashti alikuwa mtoto wa mwisho, na watoto wa mwisho mnawajua. Dada yake alipomuuliza, akamkazia macho.

"Si ilikuwa zamu yako?"

"Zamu yangu?" mama mkubwa akasema. "Vashti, juzi nililala nayo mimi!"

"Juzi nililala nayo mimi. Jana ulikuwa ulale nayo wewe. Umesahau tu. Umri huo, dada."

Miaka thelathini na miwili, kaambiwa "umri huo". Lakini halikuwa hilo lililomchoma. Lililomchoma ni kuambiwa kwamba kitu cha mama yao, kilichovuka utumwa na njaa na safari ya treni ya siku nne, kimefia mikononi mwake kwa uzembe. Na Vashti alilisema tena kanisani siku ile ile, kwa sauti ya huruma: "Msimlaumu dada, amechoka." Mwalimu Oakes akasikia. Watu wakamshika mama mkubwa mkono, wakampa pole.

Jumatatu alifunga nyumbu kwenye plau. Alikata mabonge ya udongo wenye nyasi, akayapanga kama matofali, akajenga chumba kidogo ubavuni mwa nyumba upande wa magharibi, futi kumi kwa nane. Alifanya kazi siku tano bila kumwita mtu. Alitoboa mlango kwenye ukuta wa mbao, akajitengenezea kitanda cha mbao za masanduku, akakibana kwenye ukuta wa mwisho kabisa, mbali na mdogo wake kadiri chumba kilivyoruhusu. Tangu hapo alilala huko.

Lakini aibu nayo. Ndugu wawili wa Pettiford, walioimba pamoja sauti ya kwanza na ya pili, wangewaambia nini watu? Kitanda cha zamani kilibaki mahali pake ndani ya nyumba, kimetandikwa blanketi la viraka la bibi, na hakuna aliyekilalia. Mgeni akiuliza chumba cha udongo ni cha nini, wote wawili walijibu kwa pamoja, "Cha viazi." Ndilo jambo la mwisho walilokubaliana.

Wakiwa peke yao waliongea kupitia mbwa. Alikuwa anaitwa Solomoni, jitu la manyoya lisilo na hekima yoyote.

"Solomoni, mwambie dada yako makaa yanaisha."

"Solomoni, mwambie na yeye ana miguu."

Vashti aliendelea kuoka mkate, maana baada ya wiki chungu kipya kilionekana jikoni na hakueleza kimetoka wapi. Mama mkubwa hakuuliza, na hakuugusa mkate ule. Alijikaangia mikate ya mahindi kwenye kikaango chake mwenyewe, na kama harufu ya mkate wa Vashti ilimtesa, alikwenda kuitesekea zizini. Mwalimu Oakes, aliyekuja kuwa baba yangu, alikuwa anakaribishwa chakula kila Jumapili. Aliniambia kwamba miaka yote ile alidhani ni desturi ya Tennessee, dada mkubwa kula mahindi.

Mwaka 1912 ikatoka sheria mpya: miaka mitatu inatosha badala ya mitano. Wenzao wakakimbilia kuandikisha. Wao wangeweza. Lakini kuandikisha kulitaka mmoja aanze kusema, "Twende." Hakuna aliyeanza. Wakasubiri mitano yao kimya kimya.

Masika ya 1914 mitano ilitimia, na kila mmoja kwa wakati wake akapeleka tangazo gazetini kama inavyotakiwa, kwamba fulani anataka kuthibitisha ardhi yake, mwenye pingamizi aseme. Ya Vashti ikapita bila neno. Ya Orlena ikapata pingamizi kutoka kwa Bwana Stroud.

Stroud alikuwa na ng'ombe wengi na maji machache. Chemchemi pekee isiyokauka ilikuwa ndani ya kiwanja cha mama mkubwa. Hakuwa mtu wa matusi wala bunduki, alikuwa mbaya zaidi ya hapo, alikuwa mtu wa makaratasi. Alimleta mpimaji wa ardhi mwenye mnyororo na darubini, akapima nusu maili kutoka jiwe la kona. Mnyororo ulipita kando ya nyumba, ukapita ukuta wa magharibi, ukaenda futi moja na nusu zaidi ndipo mpimaji akachomeka kigingi.

Nyumba nzima ilikuwa kwa Vashti. Mstari mwekundu, jiko, kitanda chenye blanketi la viraka, vyote vilikuwa kwa Vashti. Orlena Pettiford, kwa mujibu wa mnyororo, hakuwahi kulala hata siku moja kwenye ardhi yake.

Shemasi Weems alikuwepo. Alisimama akitazama kigingi na fimbo yake ya zamani, akahesabu hatua kati yake. Futi kumi na tatu na nusu. Mzunguko mmoja wa gurudumu.

"Nyoka," akasema.

"Nyoka gani tena, Ndugu Weems?" mama mkubwa akamuuliza.

"Yule wa njuga mkiani. Hukumbuki? Tulipofika mia na kumi na mbili akalia chini ya gari, nikaruka, nikampiga na jembe. Halafu nikaanza tena..." Akavua kofia. "Dada Orlena, nikaanza tena na mia na kumi na nne. Mia na kumi na tatu gurudumu halikuizunguka."

"Mbele ya Petro mtakatifu," mama mkubwa akasema.

"Usinikumbushe."

Mama mkubwa alitaka kucheka, alinieleza baadaye, lakini kicheko hakikutoka. Akaketi kwenye nyasi. Alimwona baba yake kwenye kona ya shamba la mtu. Alijua pia jambo ambalo Stroud hakulijua: kitanda chake halisi, cha masanduku, kilikuwa ng'ambo ya kigingi kwa futi tano nzima. Karibu miaka minne amelala kwenye ardhi yake kila siku, kwa hasira. Na sheria mpya inataka mitatu. Lakini nani angeamini? Ebenezer nzima ingeapa kwamba kile ni chumba cha viazi. Stroud alikuwa ameshawauliza, na waliapa.

Shahidi alikuwa mmoja tu. Na mama mkubwa, kwa kichwa chake kigumu, hakumwomba. Wiki sita zilipita mpaka siku ya kusikilizwa. Hakulala vizuri, hakula, nguo zikamlegea. Kila asubuhi alikwenda kwenye chemchemi akaiangalia kama mtu anayemuaga mgonjwa. Mara moja tu alifungua kinywa, na hata hapo hakumtazama mdogo wake.

"Solomoni, mwambie dada yako, akipenda kuja mjini Alhamisi, gari lina nafasi."

Vashti aliendelea kukanda unga. Fikiria hali yake. Kusema kwamba Orlena alilala kule kulitaka kusema kwa nini. Na kwa nini ilikuwa uongo alioushikilia kanisani, yeye mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili, mbele ya mwanaume aliyekuwa amemposa na akimsifu kwa jambo moja kuliko yote, ukweli wake. Baba yangu hakuwa na macho mazuri siku zile.

Alhamisi hiyo, Septemba, ofisi ya ardhi ilijaa. Ebenezer nzima ilikuja, na wafugaji wa Stroud wakasimama ukutani. Afisa alikuwa mzee mwenye mafua, leso mkononi. Mpimaji akasema yake. Shemasi Weems akasimulia nyoka, watu wakacheka, afisa akaandika. Kisha Stroud akasimama na kofia yake kifuani, mpole kama mchukua sadaka.

"Sina ubaya na mwanamke huyu," akasema. "Lakini sheria ni sheria. Kile chumba cha nyuma, kila mtu hapa anakijua. Chumba cha viazi. Shemasi, ni cha nini?"

"Cha viazi," shemasi akasema chini chini.

"Nani amewahi kumwona amelala mle?"

Mama mkubwa alikuwa ameshika ukingo wa kiti mpaka kucha zikawa nyeupe. Ndipo mama yangu akasimama.

"Mimi."

Afisa akamtazama juu ya miwani. "Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake. Alihamia mle Oktoba ya mwaka elfu moja mia tisa na kumi. Tangu hapo hajalala kwangu hata siku moja. Hata alipougua homa ya mapafu alilala kule kule, nilimpelekea supu mlangoni, akairudisha."

Watu wakaanza kugeukiana. Afisa akafuta pua.

"Dada, umesikia mwenyewe. Watu wote wanasema ni chumba cha viazi."

"Ni sisi tuliowaambia. Tulidanganya."

"Kwa nini mtu adanganye kuhusu mahali anapolala?"

Mama yangu alitazama upande aliokaa mwalimu Oakes, halafu akaacha kumtazama. "Kwa sababu niliua chachu ya mama," akasema. "Ilikuwa zamu yangu. Ilimwagika kwenye nywele zangu nikaiweka chini ikaganda, halafu nikasema ni zamu yake. Nikamsema kanisani. Hakusahau. Orlena hajawahi kusahau kitu katika maisha yake. Akajenga chumba ili asinione, na mimi ningekuwa yeye ningejenga mbali zaidi."

Afisa aliacha kuandika. Aliuliza chachu ndiyo nini, na wanawake kumi na tano wakamweleza kwa pamoja. Aligonga meza.

Stroud akatabasamu. "Hadithi nzuri. Ndugu wanapendana, watasema lolote. Nani mwingine anajua ilikuwa mwaka gani? Mbona isiwe mwaka jana?"

"Ehe!" sauti ikasema nyuma. "Ngoja kwanza."

Alikuwa Luvenia, mke wa shemasi Weems, mwanamke mnene aliyependa kukaa karibu na mlango. Alikuja mbele akijipepea na kofia ya mumewe.

"Mimi najua. Vashti, nisamehe, uliniapisha, lakini leo naapishwa na wakubwa zaidi. Bwana afisa, huyu binti alikuja kwangu kwa miguu, maili nne, na kopo mkononi, analia kama mtoto. Akaniambia, 'Dada Luvenia, nigawie chachu.' Nikamwambia, 'Mwanangu, chachu yangu si ni ya kwenu? Si Orlena ndiye alinipa mlipofika?' Akasema, 'Ndiyo maana nimekuja kwako.'"

Mama mkubwa akainua kichwa.

"Ilikuwa lini?" afisa akauliza.

"Siku Cato alipopigwa teke na nyumbu. Ile ile. Nilikuwa na mume anapiga mayowe kitandani na huyu analia jikoni, sikujua nimshike nani."

Chumba kizima kikapumua, maana teke lile hakuna asiyelijua. Shemasi alichechemea mpaka anaingia kaburini. Mchungaji alikuwa na daftari la kanisa mfukoni kwa ajili ya kuthibitisha mambo ya watu wengine, akalifungua, akasoma kwa sauti: Jumapili ya tarehe ishirini na tatu Oktoba, 1910, shemasi Weems hakuhudumu, ameumizwa na nyumbu siku iliyotangulia, tumwombee. Na juu yake, Jumapili ya kumi na sita, kwa mwandiko ule ule: tumwombee Orlena Pettiford, amepoteza chachu ya mama yake kwa kusahau.

"Kwa kusahau," mama yangu akarudia. "Mchungaji, futa hilo neno, tafadhali."

Mchungaji aliomba kalamu ya afisa, akalifuta.

Afisa alisema atapima kitanda, ataandika, jibu litakuja kwa posta. Ila alipokuwa akifunga faili alimwambia mama mkubwa, "Bi Pettiford, kitanda hicho usikisogeze hata inchi moja mpaka usikie kutoka kwangu."

Walikuwa wamekwenda maili mbili njiani kurudi. Mwalimu Oakes alikuwa amewafuata na farasi wake, akasogea kando ya gari, akamwambia mama yangu, "Kwa hiyo siku ile ya kwanza upande mmoja wa nywele ulikuwa umelowa kwa sababu hiyo. Nilidhani ni mtindo." Kisha akaenda mbele, akipiga mluzi. Mama yangu alilia kwa kufarijika, na alikuwa akiniambia kwamba hakuwahi kupendwa zaidi ya dakika ile.

Mama mkubwa alisafisha koo.

"Solomoni," akaanza, na mbwa hakuwepo, walimwacha nyumbani. Akamgeukia mdogo wake. "Vashti. Ule mkate wako. Miaka yote ile ni chachu ya mama?"

"Ndiyo."

"Na mimi nakula mahindi kama kuku."

"Nilitaka kukuambia. Kila nikianza, nilikuwa lazima nianze na ile ya zamu."

"Miaka minne, Vashti!"

"Najua."

"Minne! Na harufu yake unaniletea mpaka zizini!"

Wakaanza kucheka, na kucheka kwa watu ambao hawajacheka pamoja muda mrefu si kuzuri kutazama. Nyumbu walisimama wenyewe. Walipofika nyumbani mama mkubwa alikula nusu mkate akiwa amesimama, bila siagi, na akasema chumvi imezidi. Vashti akasema kama imezidi aache. Hakuacha.

Barua ilikuja katikati ya Novemba, siku ambayo upepo ulikuwa unatoka Kanada na theluji ya kwanza imekaa kwenye paa. Mama mkubwa aliipeleka chumbani kwake, kwenye kitanda cha masanduku, akaisomea kule, maana alisema kama ni mbaya ataisomea mahali pake. Vashti alisimama kwenye mstari mwekundu na hakuuvuka. Alisikia karatasi ikifunguliwa. Halafu alisikia dada yake anavua viatu, kimoja, cha pili, na nyayo tupu zinakanyaga sakafu ya udongo, huku na huku, polepole, kama mtu anayepima chumba upya.

"Ni yangu," mama mkubwa akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Vashti, ni yangu. Hii hapa chini. Hii."

Vashti akauvuka mstari, wakakaa pale wawili kitandani mpaka jiko likapoa, na mama mkubwa alilia machozi aliyokuwa ameyaweka tangu kaburi la babu. Alizikwa karibu na chemchemi mwaka 1951, na hakuna plau iliyowahi kumkaribia.

Jioni ile baridi ilipozidi, Vashti alifunga chungu kwa kitambaa, akakibeba kuelekea kitandani kwake kama kawaida. Mama mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha udongo, miguu bado mitupu, mikono ameinyoosha.

"Lete hapa," akasema. "Leo zamu yangu."